Tezi, Omo na Choo

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi msomaji aniwie radhi nikizungumzia choo, kwani ni vitu vichache nyumbani vyenye kazi kubwa kama yake na vinavyotajwa kwa nadra kama yeye. Kazi hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kumsitiri mtu. Ya pili ni kuutenga uchafu wake na maji ya wenzake. Historia ya choo, nionavyo mimi, ni historia ya watu waliotimiza kazi ya kwanza wakadhani wamemaliza na ya pili.

Kwetu Uchaggani kusitiri kulifika mbali sana. Zamani mwanamume aliyepitia jando alihesabiwa kuwa ameshazibwa, na haendi tena haja kubwa. Siri hiyo iliitwa ngoso, na mwanaanthropolojia wa Marekani, Sally Falk Moore, aliiandikia makala mwaka 1976. Haja ilikuwapo, bila shaka, ila mtu mzima alipaswa kuitimiza pasipo kuonwa na wanawake wala watoto. Hapo kusitiri kulikuwa heshima yenyewe ya mwanamume.

Maji ya mlima wetu hushuka tambarare, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakafuata mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Tuyafuate hadi huko, tuone mabaharia walichaguaje choo chao.

Katika majahazi makubwa ya Ghuba yaliyokuja pwani yetu kwa kaskazi, choo kilikuwa sanduku la mbao lililofungwa nje ya chombo upande wa tezi, lenye tundu chini. Mtu alichuchumaa humo, mbao zikamsitiri, na bahari ikamaliza yaliyobaki. Mabaharia wa Ulaya walikiweka omo, kwa kuwa merikebu zao zilisukumwa zaidi na upepo wa nyuma, na harufu ikapelekwa mbele. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza hukiita choo cha chombo "kichwa". Katika ngalawa hapakuwa na sanduku. Palikuwa na ukingo wa chombo, na adabu ya wenzako kutazama upande wa pili.

Utaratibu huo ulifaa kwa sababu mbili: chombo kilikuwa kinakwenda, na watu walikuwa wachache. Mji haukuwa na sababu hata moja kati ya hizo. Huko Unguja ufuko wenyewe ulikuwa choo na jalala, na mwaka 1866 David Livingstone aliulalamikia uvundo wake. Mwaka 1869 kipindupindu kilipita Umasaini kikashuka Pangani, kisha kikavuka hadi Unguja na kuua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwako, alitoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo mwaka 1876.

Leo mwenye mashua ndogo ya tanga anayetaka choo ndani ana njia tatu. Ipo ndoo yenye kifuniko na maranda ya kufukia. Kipo choo cha pampu, ambacho huvuta maji ya bahari na kuyarudisha huko huko pamoja na uchafu. Na kipo cha tanki, ambacho huhifadhi uchafu mpaka ukanyonywe bandarini. Choo cha pampu kwa kawaida huhitaji matundu chini ya maji, na kila tundu ni mlango wa bahari. Mpira wake lazima upande juu ya usawa wa maji ya nje kabla ya kushuka, na pale juu uwekwe vali ya kuingiza hewa. La sivyo maji yaweza kujivuta yenyewe na kuizamisha mashua wenyewe wamelala. Mwezi Aprili 1945 nyambizi ya Ujerumani, U-1206, iliangamia karibu na pwani ya Uskoti baada ya hitilafu ya choo kuingiza maji yaliyofika kwenye betri na kutoa gesi ya sumu.

Sheria za bahari zilichelewa. Sehemu ya mkataba wa MARPOL inayohusu majitaka ilianza kutumika mwaka 2003, nayo inakataza meli kubwa kumwaga uchafu usiosafishwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Vyombo vidogo haviguswi na mkataba huo. Mpaka nchi yenyewe iseme, mwenye mashua anabaki na dhamiri yake.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu kanuni ya tundu chini ya maji ndiyo kanuni ya Mabogini. Mwaka 1973 redio ilitufundisha Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi njema. Lakini shimo hutegemea udongo. Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ulikamilika, na maji ya Njoro na Rau yakasambazwa mashambani. Tulipata mpunga. Tulipata pia ardhi iliyoshiba maji. Na shimo la choo likifikia maji, si shimo tena, ni tundu chini ya chombo: yaliyo nje huingia, na yaliyo ndani hutoka.

Nilipokuwa najenga, fundi alikuta maji kabla shimo halijamfika kifuani. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kisima chake kiko hatua ishirini tu kutoka pale, alisimama mpakani akauliza, "Baba, hicho choo chenu kitakuwa kinakwenda wapi?" Hakuna mhandisi ambaye angeuliza vizuri zaidi. Tulilifukia shimo, tukajenga karo la tofali lililopigwa lipu ndani na sakafu ya zege, nusu yake juu ya ardhi, la kutapishwa na gari. Lilikuwa ghali, na gari lenyewe ni gharama isiyokwisha. Ila mama yule bado anakunywa maji ya kisima chake.

Na gari hupeleka wapi? Mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi yako hapa hapa Mabogini. Ndani yake hamna mashine ya ajabu. Uchafu hutuama, vijidudu huula, kisha jua, hewa na mwani humalizia kwa siku nyingi. Maji yatokayo, wakulima huyaelekeza kwenye mpunga. Mtu wa mjini avutapo maji chooni husikia mngurumo, halafu kimya, akaona mambo yamekwisha. Hajui kwamba sisi ndio bahari yake.

Sisemi kwa uchungu. Mabwawa hayo ni bora mara elfu kuliko mto, na hata sisi tunao walio chini yetu, Kahe na kwenda mbele. Nasema tu kwamba anayechagua choo anachagua pia jirani wa kumpelekea. Watu wa pwani wana methali: nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni tumbo la chombo, mahali maji machafu yanapokusanyika yakingoja mtu wa kuyachota.