Mvuto wa Kuzuru na Mvuto wa Kuishi: Historia ya Jinja, 1862–2020

1. Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2020, Jinja iliacha kuwa manispaa ikawa jiji, pamoja na Arua, Fort Portal, Gulu, Masaka, Mbale na Mbarara. Mipaka yake ilipanuliwa ikameza Bugembe, Mafubira na Budondo, na kwa siku moja idadi ya wakazi wake ikaongezeka mara kadhaa pasipo mtu yeyote kuhama. Hadhi mpya huja na matumaini mapya. Yanapotajwa matumaini ya Jinja, jambo la kwanza kutajwa ni utalii: chanzo cha Mto Naili, hali ya hewa ya ziwani, barabara pana zenye miti, na umbali wa kilomita 80 hivi tu kutoka Kampala.

Makala haya hayapingi sifa hizo. Yanachouliza ni swali la kihistoria: ni nini kilichowafanya watu waje Jinja, na ni nini kilichowafanya wabaki au waondoke? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi katika mipango ya miji yetu ya kati, kana kwamba mji unaopendwa na mgeni lazima upendwe na mkazi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Jinja inaonyesha kwamba uponyaji huo haukuja wenyewe. Mgeni alivutwa na mto. Mkazi alibaki kwa sababu ya kazi, nyumba na usalama wa kumiliki alichokijenga. Kila mara maamuzi makubwa yalipofanywa kwa kuangalia upande mmoja, upande wa pili ulilipa gharama ambayo haikuwekwa kwenye hesabu.

2. Mji uliotangulia kutazamwa

Jina la Jinja linatokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe au mwamba, kwa kuwa mahali hapo palijulikana kwa miamba ambayo maji ya Ziwa Victoria yalipitia yakianza safari ya kwenda kaskazini. Wasoga wanauita mto huo Kiyira. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko hayo, akayapa jina la Ripon na kuyatangaza huko Ulaya kuwa ndiyo chanzo cha Naili. Kwa hiyo Jinja ilijulikana duniani kama mandhari kabla haijawa mji.

Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri katika wizara ya makoloni ya Uingereza, alisimama mahali hapo hapo. Katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1908, alisifu uzuri wa maporomoko na papo hapo akapendekeza nguvu za maji hayo zifungwe zitumike kuendesha mitambo. Katika mtazamo huo mmoja tunaona tayari mambo mawili yaliyokuja kugongana baadaye: mto wa kutazamwa na mto wa kutumikishwa.

Jambo ambalo masimulizi ya wasafiri hayakulipa uzito ni hali ya watu waliokuwa wakiishi kandokando ya ziwa. Katika miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale uliangamiza watu zaidi ya laki mbili nchini Uganda, hasa katika fukwe na visiwa vya Buganda na Busoga, na serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa amri wale waliosalia katika ukanda wa ziwa. Ukimya uliowapendeza wageni ulikuwa, kwa kiasi fulani, ukimya wa makazi yaliyohamwa.

Mji wenyewe ulikua kwa sababu ya usafirishaji. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani ziliiunganisha bandari hiyo na Jinja. Mwaka 1912 ilikamilika reli ndogo ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, iliyokwepa maporomoko ya mto na kuunganisha Ziwa Victoria na vyombo vya Ziwa Kyoga. Pamba ya Busoga na ya mashariki ilishuka kwa njia hiyo. Wafanyabiashara wenye asili ya India walijenga maduka yenye baraza katika Main Street na Iganga Road, wakaandika miaka ya ujenzi kwenye vipaji vya majengo yao. Mwaka 1931 daraja la reli lilivuka mto na treni ikafika Kampala. Jinja haikuwa tena mwisho wa safari, ila ilikuwa imekwisha kuwa mji wenye mpangilio, wenye viwanja vilivyopimwa na barabara zilizonyooka.

3. Umeme, viwanda na nyumba

Pendekezo la Churchill lilingoja miaka arobaini. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake aliwasilisha ripoti iliyopendekeza bwawa la umeme kwenye maporomoko ya Owen, karibu na mji. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilizindua bwawa hilo, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Maji yaliyopanda nyuma ya ukuta wake yaliyafunika maporomoko ya Ripon. Mahali ambapo Speke alisimama pakabaki na jina na kumbukumbu; kivutio cha kwanza cha mji kilitolewa ili mji upate kazi.

Na kazi ilipatikana. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, tanuri la kuyeyushia shaba iliyotoka Kilembe, viwanda vya bia, chuma na sigara, pamoja na sukari ya Kakira jirani na mji, viliifanya Jinja kuwa kitovu cha viwanda nchini. Sehemu ya umeme wake iliuzwa Kenya. Sensa ya 1948 ilikuta watu elfu nane na ushee mjini. Sensa ya 1959 ilikuta karibu 30,000. Mabadiliko hayo yaliwavutia hata wanataaluma: utafiti wa Cyril na Rhona Sofer kuhusu mji huo, uliochapishwa mwaka 1955, ni miongoni mwa tafiti za mwanzo za mji wa Afrika Mashariki ulio katikati ya mageuzi ya viwanda.

Ongezeko la namna hiyo lingeweza kuzaa mabanda matupu. Lililopunguza hatari hiyo ni uamuzi wa kujenga makazi ya wafanyakazi, na hasa mtaa wa Walukuba. Nyumba zake zilikuwa ndogo na kodi yake ilitegemea ajira, lakini zilimwezesha mtu aliyetoka Busoga, Bukedi, Acholi au Nyanza ya Kenya kuleta familia yake. Hapo ndipo tofauti kati ya kibarua na mkazi inapoanzia. Kibarua huhesabu siku za kurudi kwao. Mkazi huuliza shule iko wapi.

Kwa wasomi wa Kiswahili, Walukuba ina umuhimu wa pekee. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi iliyokuwa mjini hapo, na kilikuwa daraja la mawasiliano kati ya wafanyakazi wasio na lugha moja ya nyumbani. Katika nchi ambayo Kiswahili kilitazamwa na wengi kwa mashaka, kikihusishwa na askari na amri, katika makazi ya wafanyakazi kilikuwa na sura nyingine: lugha ya jirani na jirani, ya sokoni na ya uwanja wa mpira. Mgeni asiyejua Lusoga hakulazimika kuishi kama bubu. Hilo nalo ni sehemu ya mvuto wa kuishi, ingawa halionekani katika takwimu za viwanda.

4. Mji uliopungua

Mvuto huo ulivunjwa kwa amri za serikali, tena katika muda mfupi. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa nchini maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao Wajaluo. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia na kuwapa siku 90. Kwa Jinja, ambako maduka, karakana, sehemu kubwa ya viwanda na safu nzima za nyumba za katikati ya mji zilikuwa mikononi mwao, tangazo hilo liligusa karibu kila mtaa. Mali zilizoachwa ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, na wapangaji wapya wakaingia katika nyumba wasizokuwa na hati zake.

Matokeo yake yanasomeka katika sensa. Mwaka 1980 Jinja ilikuwa na wakazi wapatao 45,000, wachache kuliko waliohesabiwa mwaka 1969, ilhali idadi ya watu wa Uganda kwa jumla ilikuwa imeongezeka. Hapo katikati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mji uliojengwa kwa reli na meli za kuvuka mipaka ukakosa mipaka iliyo wazi. Bwawa lilikuwepo na ziwa lilikuwepo. Hakuna uzuri wa asili uliokuwa umepotea katika muongo huo. Kilichopotea ni uhakika wa mtu kwamba alichonacho leo kitakuwa chake kesho.

Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurejesha mali kwa wenyewe, na katika miaka ya 1990 utekelezaji wake ulishika kasi. Familia kadhaa zilirudi, na uzalishaji wa sukari Kakira ukafufuliwa. Hata hivyo, ukuaji wa mji ulibaki wa polepole: sensa ya 2002 ilikuta watu wapatao 71,000, na ya 2014 ilikuta zaidi kidogo ya 72,000. Nyumba ambazo umiliki wake ulibishaniwa kwa miaka mingi hazikupakwa rangi wala kuezekwa upya, kwa kuwa hakuna mpangaji anayetengeneza paa ambalo huenda akanyang'anywa. Uchakavu ambao mtalii wa leo huupiga picha kama haiba ya kale, kwa mkazi ni matokeo ya mgogoro wa hati.

5. Mto uliotumiwa mara mbili

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mgeni alirudi kwa njia mpya. Biashara ya kuteremka mto kwa maboti ya mpira ilianza kwenye maporomoko ya Bujagali na mengine yaliyo chini yake, nayo ikazaa nyumba za wageni, kazi za waongozaji na wapiga makasia, na soko la mazao kwa wanakijiji wa kandokando ya mto. Kwa mara ya kwanza tangu 1954, maji yanayokwenda bila kuzuiwa yalikuwa na thamani ya fedha.

Lakini Uganda ilikuwa gizani. Katikati ya miaka ya 2000 kina cha Ziwa Victoria kilishuka na mgao wa umeme ukawaumiza wenye viwanda na wenye nyumba. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yaliyokuwa makao ya Budhagaali, roho inayoheshimiwa katika imani ya asili ya Wasoga, yakafunikwa. Ili kufidia hasara ya mazingira, serikali ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda yangelindwa. Mwaka 2019 lilifuata bwawa la Isimba, lenye megawati 183, chini zaidi ya mto, na sehemu nyingine ya maji ya kasi ikatulia.

Haitakuwa haki kuyalaani mabwawa haya. Umeme ni hitaji la mkazi kama maji ya kunywa. Lakini mpangilio wa matukio unafundisha: Ripon mwaka 1954, Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019. Kila uamuzi ulipimwa peke yake, na kila mara hasara ilionekana ndogo kwa kuwa palikuwa na maporomoko mengine mbele. Sasa yaliyobaki mbele ni machache mno.

6. Hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu kwa washauri wa sera, wa Jinja na wa miji inayofanana nayo.

Kwanza, ulinzi wa Kalagala na Itanda uingizwe katika mipango ya jiji lenyewe, wala usiachwe kuwa ahadi ya serikali kuu kwa mkopeshaji. Ahadi ambayo mwenyeji hana nakala yake ni rahisi kusahauliwa.

Pili, suala la hati za nyumba za katikati ya mji na mustakabali wa mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba litangulie miradi ya kupendezesha mji. Mkazi mwenye hakika ya nyumba yake ataitunza mwenyewe, na jengo lililotunzwa na anayelikalia humvutia mgeni bila bango.

Tatu, uzoefu wa lugha wa Jinja utumiwe. Katiba ya Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Jiji ambalo wafanyakazi wake walikizungumza kabla ya amri yoyote linafaa kuwa mahali pa kuchunguza jinsi lugha hii inavyomfanya mhamiaji ajione mwenyeji.

Jinja iliwahi kuongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka kumi na moja, na iliwahi kupungua katika miaka kumi na moja mingine. Mto ulikuwa pale nyakati zote mbili. Kilichobadilika ni kile ambacho wenye mamlaka walimhakikishia mtu aliyeamua kubaki, na hilo ndilo jiji jipya litakalopimwa nalo.