Majina Yanayoelea Tanganyika

Kilomita kama kumi kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupiga picha hapo wakiamini ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Kumbe walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi kuutazama Mto Rusizi, wakahakikisha kwamba unaingia ziwani wala hautoki. Kwa anayefuatilia habari za meli za Tanganyika, hata hivyo, safari ya Livingstone yenye uzito zaidi ni ya miaka minne kabla. Aprili 1867, akija kutoka kusini, alifika ukingoni mwa maji makubwa katika nchi ya Walungu. Wenyeji walimwambia maji yale ni Liemba. Baadaye ilithibitika kuwa Liemba ni ncha ya kusini ya ziwa hili hili linalopiga mawimbi kwenye fukwe za Bujumbura.

Ilichukua miaka 60 jina hilo kupakwa ubavuni mwa meli. Na meli yenyewe ilikuwa imekwisha kuzaliwa na jina jingine.

Wakoloni walipofika na stima zao, walizipa majina ya watu wao. Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann, mke wa Hermann von Wissmann aliyewahi kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mume naye alikuwa na meli yake katika Ziwa Nyasa. Upande wa pili, Wabelgiji walikuwa na Alexandre Delcommune, jina la mpelelezi wa Katanga, na walikuwa na vipande vya meli iliyosubiri kuungwa, Baron Dhanis. Dhanis ndiye aliyeongoza majeshi ya Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Mjerumani mwingine aliyepewa meli ni Gustav Adolf von Götzen. Huyu alivuka Afrika mwaka 1893 na 1894 akipitia Rwanda, halafu akawa gavana kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilizuka mikononi mwake, na njaa iliyoletwa na majeshi yake kwa kuchoma mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi.

Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya maelfu ya masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda reli kwenda Kigoma. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitumwa kuja kuiunga upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita 71 hivi. Hakuna chombo ziwani kilichoifikia kwa ukubwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, kwa hiyo ilifungwa mzinga uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, iliyoishia katika delta ya Rufiji.

Waingereza walijibu kwa mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town kwa reli na kuburutwa juu ya milima ya Mitumba. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakuu wake wakakataa. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 waliikamata boti ya Kijerumani Kingani, yenye jina la mto ule unaomwaga maji yake karibu na Bagamoyo, wakaigeuza jina kuwa Fifi. Hedwig ilizamishwa Februari 1916. Juni mwaka huo Wabelgiji waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na ndege zao za majini aina ya Short zikawa zinaivizia Götzen bandarini Kigoma.

Majuma hayo hayo, ndege nyingine ya Short ilikuwa ikiruka katika Bahari ya Kaskazini kutoka meli ya Kiingereza iitwayo Engadine. Jina hilo limetoka mbali na maji chumvi: Engadin ni bonde la milima ya Alpi, mashariki mwa Uswisi, unakopita Mto Inn. Meli yenyewe ilikuwa ya abiria wa kuvuka mlango bahari wa Uingereza, ikachukuliwa na jeshi la majini mwaka 1914, na tarehe 31 Mei 1916 ikarusha ndege ya upelelezi katika mapigano makubwa ya Jutland. Meli hiyo haikubaki na jina la bonde lake. Iliuzwa Ufilipino, ikaitwa Corregidor kwa jina la kisiwa cha mlangoni mwa Ghuba ya Manila. Desemba 1941 iligonga bomu lililotegwa majini karibu na kisiwa hicho hicho, ikazama na mamia ya watu.

Basi jina la mahali si hirizi. Sisi wa Maziwa Makuu tunalijua hilo kwa uchungu, kwa sababu MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Jina la mji ule wa Kagera haliwezi tena kutajwa karibu na neno meli bila watu kunyamaza kidogo. Hata hivyo yapo majina ya mahali yaliyodumu majini kwa baraka. Ilala, nchi alikofia Livingstone mwaka 1873, ilipewa stima ya wamisionari wa Kiskoti iliyoanza kazi Ziwa Nyasa mwaka 1875, na meli ya pili ya jina hilo imekuwa ikisafiri huko tangu 1951.

Turudi Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona mji unaponyoka, mafundi wa Papenburg waliipaka mitambo ya Götzen grisi nene, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isije ikachukuliwa. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiinua mwaka 1924 wakakuta mitambo ingali mizima. Mei 1927 ilirudi kazini, na hapo ndipo lilipokuja suala la jina. Kuiacha na jina la Götzen hakukuwezekana. Wangeweza kuipa jina la gavana wao, au la mfalme, kama Wabelgiji walivyoupa mji wa ng'ambo jina la Albertville. Wakachagua Liemba.

Mwandishi huyu anaona uamuzi huo ndio ulioiokoa meli, pengine kuliko grisi. Baada ya uhuru, Usumbura ikawa Bujumbura na Albertville ikawa Kalemie. Ubaoni mwa Liemba hapakuwa na cha kufuta. Jina lile lilikuwa la Walungu kabla ya Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza, na Tanganyika huru ililipokea likiwa tayari ni lake. Injini za mvuke zilitolewa miaka ya 1970 zikaingia za dizeli, jina likabaki.

Kwa miaka mingi Liemba ilifika hadi bandari ya Bujumbura, kabla vita vya miaka ya 1990 havijakata safari hizo. Ikabaki na njia ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiizunguka kupakia ndagala, mahindi na abiria. Mwaka 1997 ilibeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao baada ya Mobutu kuanguka. Kisha ikaja Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kurundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara. Kipindupindu kiliwakuta hapo. Liemba ilitumwa kuwachukua, mamia kwa mamia kila safari, hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Ni vigumu kwa Mrundi kuandika juu ya meli hii kwa moyo mkavu. Chombo kilichoacha kuja kwetu kwa sababu ya vita vyetu kilikwenda kutupokea tulipokimbia. Serikali ya Tanzania imeamua kuikarabati, na wafanyabiashara wa hapa wangali wanahitaji njia ya maji ya kwenda kusini. Siku meli hiyo itakaporudi safarini, ratiba yake ianzie tena Bujumbura.