Mpenzi Anayejua Wewe ni Nani

Katika jumba la kifalme la Denerim, mji mkuu wa nchi ya kubuni iitwayo Ferelden, kijana Alistair anazungumza faragha na msichana aliyepigana bega kwa bega naye tangu vita vilipoanza. Baraza la makabaila limekwisha kumkubali Alistair awe mfalme, na ni msichana huyuhuyu aliyemsaidia kufika hapo. Wamekula pamoja, wamelala hema moja. Lakini msichana ni elfi, na maelfi wa mijini Ferelden huishi katika mtaa wao uliozungushiwa ukuta. Mfalme anatakiwa kupata mrithi, na kuoa mke ambaye nchi itamkubali. Alistair anamwambia kwamba mapenzi yao yamefika mwisho. Inamuuma, na bado hageuzi neno.

Gemu hiyo ni Dragon Age: Origins, iliyotoka Novemba 2009. Kama mwanzoni mchezaji angechagua kuwa binti wa kabaila wa kibinadamu, Alistair yuleyule angeweza kumwoa na kumketisha kando yake kama malkia. Mimi nilikuwa nimechagua elfi wa mjini kwa sababu nilipenda masikio yake. Saa nyingi baadaye, uchaguzi ule wa dakika moja ukanirudia kinywani mwa mtu niliyemzoea. Sikuikasirikia gemu. Nilimkasirikia Alistair, kama mtu anavyomkasirikia mtu.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia mapenzi yalivyoingia katika gemu hizi za kuigiza wahusika, zenye mapanga, uchawi na mazimwi. Nimeona kwamba historia yake yote inazunguka swali moja: yule anayekupenda ndani ya gemu, anajua wewe ni nani?

Chimbuko la gemu hizi ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake zilikuwa na hesabu ya nguvu za mkono, uzito wa upanga na uhai wa jini. Mapenzi hayakuwa na hesabu. Waliokaa mezani wakitaka wahusika wao wapendane, walipendana kwa maneno yao wenyewe. Kompyuta haikuweza kubuni maneno papo hapo kama binadamu, kwa hiyo mchezo ulipohamia kwenye skrini mapenzi yalibaki nyuma kwa muda mrefu.

Japani ndiko walikothubutu mapema. Dragon Quest V ya mwaka 1992 humfuata shujaa mmoja tangu utotoni hadi awe baba, na katikati ya safari inamsimamisha mbele ya ndoa. Kuna Bianca, rafiki wa utotoni, anayeishi kijijini akimuuguza baba yake. Kuna Flora, binti wa tajiri, na tajiri ametangaza mahari: pete mbili, moja ya moto na moja ya maji, ziletwe kutoka mahali ambapo wengi hawarudi. Shujaa anazipata pete zote mbili, tena Bianca akimsaidia kuitafuta ya pili. Kisha anaambiwa alale, aamke, achague. Hakuna jibu la makosa. Nywele za watoto zitafuata za mama yao, na kadiri hadithi inavyosonga mbele, shujaa anagundua kwamba mteule aliyetajwa na unabii siye yeye bali ni mtoto wake. Japani wapo wanaobishana hadi leo kuhusu Bianca na Flora. Hata hivyo mwenye kuchagua ni upande mmoja tu. Shujaa hana sauti, na wasichana wote wawili wako tayari kumkubali vyovyote alivyo.

Miaka mitano baadaye Final Fantasy VII ikageuza meza kidogo. Usiku mmoja, katika mji wa starehe uitwao Gold Saucer, mtu anakuja kumchukua shujaa Cloud waende matembezini. Anaweza kuwa Aerith, Tifa, Yuffie, au hata Barret, lile jibaba lenye bunduki mahali pa mkono. Nani atakuja, imeamuliwa na majibu madogomadogo ambayo mchezaji alitoa saa nyingi kabla, bila kuambiwa kwamba kuna mahali yanaandikwa. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tulihisi kwamba tulikuwa tunatazamwa.

Lakini aina ya mapenzi tunayoijua leo katika gemu hizi ilipata umbo lake kwenye baridi ya Edmonton, Kanada. Huko mwaka 1995 madaktari wa tiba Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip walianzisha kampuni ya BioWare. Baldur's Gate yao ya 1998 ilikuwa na wenzi wengi wa safari waliosema machache. Baldur's Gate II ya mwaka 2000 iliwapa wenzi hao vinywa, na wanne kati yao wakapewa moyo.

Jaheira, nusu elfi, anaanza gemu akiwa mjane. Mumewe Khalid ameuawa katika shimo la mchawi Jon Irenicus, na mchezaji anaiona maiti. Uchumba unaanza polepole mno, kwa mazungumzo juu ya marehemu, na kuna wachezaji waliolalamika kwamba hajamaliza hata eda. Nadhani hilo ndilo lililoifanya hadithi yake iwe nzito: anajilaumu mwenyewe kabla hujamlaumu. Aerie ni elfi aliyeuzwa kwenye sarakasi na kukatwa mabawa. Viconia, wa jamii ya maelfi weusi wa chini ya ardhi, anakutwa akiwa mikononi mwa watu wanaotaka kumchoma moto. Wote watatu walikuwa kwa ajili ya mchezaji wa kiume. Mchezaji wa kike alipewa Anomen peke yake, kijana mwenye majivuno anayesaka cheo cha ushujaa. Waliopenda jinsia yao hawakupewa mtu.

Tazama sasa jinsi ilivyofanya kazi. Kila mpenzi alikuwa na kigezo chake katika programu. Kikisoma 1, uchumba umeanza. Kikisoma 2, wameahidiana. Kikisoma 3, umevunjika na haurudi. Saa iliyofichwa ilihesabu muda, na muda ukitimia Jaheira alisimama njiani na kuanza kusema, pengine katikati ya pori lililojaa majitu. Jibu moja la kijeuri lilitosha kuipeleka namba kwenye 3. Na kabla ya yote hayo programu ilikagua jinsia ya mchezaji, kisha jamii yake. Wasiotakiwa hawakuambiwa kitu. Saa haikuanza kuhesabu, basi. Uliweza kusafiri na Jaheira gemu nzima usijue kwamba kuna mlango uliofungwa kwa sababu ulijiumba mwanamke.

Kufungiwa mlango kimyakimya namna hiyo ndiko ninakokulalamikia zaidi katika kizazi kile. Alistair aliponikataa, alinikataa kwa mdomo wake na kwa sababu zilizotoka katika nchi yake, na niliweza kubishana naye. Mchezaji wa kike aliyempenda Jaheira mwaka 2000 hakuwa na wa kubishana naye. Aliyemkataa ni mstari wa programu. Wachezaji wenye ujuzi waliingia ndani ya mafaili na kuandika wapenzi wapya wao wenyewe, kwa kurasa nyingi za mazungumzo, bila malipo.

BioWare nao waliendelea kujifunza. Mwaka 2003, katika Star Wars: Knights of the Old Republic, waliwapa wachezaji mhusika aliyepoteza kumbukumbu. Carth Onasi, rubani, anampenda mchezaji wa kike huku bado akimwomboleza mkewe, aliyekufa pale sayari yao ya Telos iliposhambuliwa na majeshi ya adui Malak. Baadaye inafunuliwa kwamba mhusika huyo aliyepoteza kumbukumbu ndiye Revan, aliyekuwa bwana wa Malak. Carth inabidi aangalie uso ule alioupenda na kuamua kama ameupenda uso wa adui. Katika gemu hiyohiyo Juhani, mwanamke wa jamii inayofanana na paka, anamfichulia mchezaji wa kike hisia zake kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika. Ni maneno machache, yaliyofichwa mwishoni mwa safari, lakini yalikuwemo.

Kelele za nje zilikuja na Mass Effect, gemu yao nyingine. Novemba 2007 Singapore iliizuia kwa ajili ya tukio la mapenzi kati ya mwanamke na kiumbe mwenye umbo la kike, ikairuhusu siku chache baadaye kwa watu wazima. Januari 2008 mjadala wa Fox News uliilaani, na mmoja wa waliokuwa wakiilaani hakuwa ameicheza.

Ndipo ikaja Dragon Age: Origins na asili zake sita: kabaila wa kibinadamu, mchawi, elfi wa mjini, elfi wa porini, kibete wa ukoo bora na kibete wa tabaka la chini. Kila asili ilikuwa na saa zake za mwanzo, watu wake, na doa lake mbele ya macho ya wengine. Mwandishi mkuu alikuwa David Gaider. Mapenzi bado yalihesabiwa, safari hii kati ya hasi 100 na 100, na zawadi zilipandisha namba. Lakini zawadi nzuri kuliko zote ziliomba kumbukumbu. Ukimpa Alistair hirizi ya mama yake iliyovunjwa na kuungwa tena, hatazami namba. Anakuuliza ilikuwa wapi.

Dragon Age II ya 2011 ilifungua milango. Anders, Fenris, Isabela na Merrill walimkubali Hawke, mhusika wa mchezaji, awe mwanamume au mwanamke. Mchezaji mmoja alilalamika hadharani kwamba wanaume wanaopenda wanawake wamesahauliwa. Gaider akamjibu kwamba hadithi zile ni za kila mtu, na kwamba wengi hawana haki ya kudai wapendelewe zaidi ya wachache. Naliona jibu lile kuwa la haki kabisa. Mwaka huohuo Skyrim nayo ilifungua milango, kwa namna ambayo hainigusi: unavaa hirizi ya Mara, unakwenda hekaluni mji wa Riften, unaoa au kuolewa na yeyote kati ya makumi ya watu. Mwenzi anafungua duka na kukupikia. Hakuulizi wewe ni nani, na hataki kujua.

Kuna mvutano hapo ambao si rahisi kuumaliza. Mchezaji anastahili asifungiwe nje. Mhusika naye, ili awe mtu, anastahili kuwa na anachokipenda na asichokipenda. Dragon Age: Inquisition ya 2014 ilijaribu kubeba yote mawili. Dorian, mchawi mtanashati kutoka nchi ya Tevinter, hupenda wanaume tu, na hadithi yake ni ya baba aliyetaka kumbadilisha kwa uchawi wa damu. Gaider, ambaye mwenyewe ni shoga, ndiye aliyemwandika. Mwanamke akimchombeza Cassandra, shujaa wa kike mwenye kovu shavuni, Cassandra anamweka chini na kumweleza kwa upole kwamba moyo wake hauko huko. Mlango umefungwa, lakini safari hii kuna mtu aliyesimama mlangoni na kukuambia kwa nini.

Na katika gemu hiyohiyo yupo Solas. Huyu humpenda mwanamke wa kielfi peke yake. Ukiwa elfi wa porini una chale usoni, alama wanazozivaa watu wako kwa heshima ya miungu yao. Usiku mmoja Solas anakuchukua kando ya maji na kukuambia kwamba zamani zile chale zilikuwa alama za watumwa, mabwana wakiwatia watu wao. Anajitolea kukufutia. Unaweza kukubali na kubaki na uso mtupu, au kukataa na kubaki na uso wa bibi zako hata kama umejua ulikotoka. Kisha, ukiamua hili au lile, anakuacha. Baadaye utajua kwamba alikuwapo chale zile zilipochorwa, na kwamba watu wako humwimba kama mungu msaliti. Sijaona katika gemu nyingine mapenzi yakichimba chini hivyo katika swali la asili ya mtu. Yasingewezekana kama Solas angempenda yeyote.

Baldur's Gate 3 ya Agosti 2023 haikutoka Kanada. Iliundwa na Larian ya Ghent, Ubelgiji, chini ya Swen Vincke, ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka. Unapojiumba, umbo la mwili, sauti na namna ya kutajwa huchaguliwa kila kimoja peke yake. Kwa Kiingereza hilo lilikuwa jambo kubwa, maana viwakilishi vyake he na she humtenga mwanamume na mwanamke. Sisi tuliolelewa na neno yeye, tunaweza kuzungumza juu ya mtu siku nzima bila lugha kutulazimisha kuitaja jinsia yake.

Wenzi wa Larian hawakatai mtu kwa jinsia wala jamii. Kinachopimwa ni matendo. Astarion, aliyekuwa mtumwa wa mnyonya damu kwa takriban miaka 200, anakutongoza mapema kwa ufundi mkubwa. Baadaye anakiri kwamba ilikuwa hila ya kujipatia ulinzi, na kwamba hajui tena mwili wake ni wa nani. Ukimsubiri, anajifunza. Ukimsaidia kufanya kafara inayomfanya mwenye nguvu kuliko wote, anakupenda kama bwana anavyopenda mali yake. Neil Newbon, aliyempa sauti, alipata tuzo ya uigizaji bora mwaka huo.

Na Jaheira amerudi. Zaidi ya karne imepita katika dunia yake, na uso wake unaionyesha. Mjini ana nyumba na watoto aliowalea, na uchumba naye haupo tena kwa yeyote. Mara ya kwanza unapomkaribia, kwenye nyumba ya wageni iliyozingirwa na giza, anakubana kwa mizizi inayochomoza ardhini na kutaka kujua wewe ni nani. Akisharidhika kidogo, anakukaribisha kikombe cha mvinyo. Ametia ndani yake dawa ya kumfanya mtu aseme kweli.