Dramu za Umeme na Mwili wa Mpigaji

Mwaka 1971 bendi ya Uingereza, The Moody Blues, ilitoa albamu iitwayo Every Good Boy Deserves Favour. Ndani ya wimbo wa ufunguzi, "Procession", zinasikika ngoma ambazo hazikutoka kwenye ngozi wala mbao. Mpiga dramu wa bendi hiyo, Graeme Edge, alikuwa ameungana na Brian Groves, mtaalamu wa elektroniki kutoka Chuo Kikuu cha Sussex, wakaunda seti nzima ya dramu za umeme. Wakati huo hapakuwa na duka la kununua kitu kama hicho. Aliyekitaka ilimbidi atafute fundi, akae naye, amweleze mkono wake unafanya nini kila unaposhuka.

Miaka miwili baadaye, mjini Düsseldorf, kundi la Kraftwerk lilifika mahali hapohapo kwa njia fupi zaidi. Wolfgang Flür alisimama mbele ya ubao wenye vibati vya chuma, akivigusa kwa vijiti vya chuma vilivyounganishwa na waya. Kijiti kikigusa kibati, saketi inafungwa na sauti inatoka. Hataza ya chombo hicho ilitolewa Marekani mwaka 1977 kwa majina ya Ralf Hütter na Florian Schneider. Ubunifu ulikuwa safi, lakini ulikuwa na upungufu mkubwa: kibati hakikujua tofauti kati ya kugusa na kupiga. Mlio ulikuwa uleule, mpigaji awe ameweka kijiti taratibu au amekishusha kwa nguvu zote.

Historia ya dramu za umeme huelezwa mara nyingi kama msururu wa mashine, kila moja ikiizidi iliyotangulia. Msururu huo upo, ila ukiufuatilia kwa karibu unakuta kwamba kila marekebisho makubwa yalianzia kwenye kiungo fulani cha mwili: kifundo cha mkono, unyayo, sikio. Elektroniki ilifuata nyuma.

Kilichofungua njia ni kidude chembamba cha piezo, kisahani kinachozalisha umeme kidogo kinapotikiswa. Ukikibandika chini ya sahani ya kupigia, pigo dogo hutoa umeme mdogo na pigo kubwa hutoa umeme mwingi. Hatimaye mashine iliweza kutofautisha mkono mwepesi na mkono mzito. Huko Marekani, Joe Pollard na Mark Barton walileta Syndrum mwaka 1976, na mlio wake unaoporomoka kutoka juu kwenda chini ukajaa kwenye rekodi za disko.

Ikaja Simmons. Dave Simmons, aliyekuwa na karakana mjini St Albans, kaskazini mwa London, alitoa SDS-V mwaka 1981 baada ya kuijenga kwa msaada wa Richard James Burgess, mpiga dramu wa kundi la Landscape. Sahani zake zilikuwa na pembe sita, na umbo hilo likawa alama ya muongo mzima. Ukitazama video za muziki za miaka ya 1980 utaliona kila mahali. Sauti yake, mvumo wa kelele uliochanganywa na noti inayoshuka, haikujaribu kuiga dramu ya kawaida hata kidogo, na huo ndio uliokuwa uzuri wake.

Tatizo lilikuwa uso wa sahani. Ulitengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ya jamii inayotumika kwenye ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Ngozi ya dramu hukirudisha kijiti juu na kulipunguzia pigo ukali. Plastiki ile iliurudisha mshtuko wote mkononi. Wapigaji walianza kulalamika maumivu ya vifundo na viwiko, na kampuni ikalazimika kuvalisha mpira matoleo yaliyofuata. Huko Sweden, kampuni ya Clavia, iliyoanzishwa mwaka 1983, ilikwenda mbali zaidi: sahani zake za ddrum zilifungwa ngozi halisi za dramu. Maumivu ya watu yalikuwa yameamua nini kijengwe.

Hakuna kisa kinacholithibitisha hilo zaidi ya cha Rick Allen. Tarehe 31 Desemba 1984, mpiga dramu huyo wa Def Leppard, akiwa na umri wa miaka 21, alipata ajali ya gari karibu na Sheffield na kupoteza mkono wa kushoto. Madaktari waliurudisha, kisha wakalazimika kuukata tena kwa sababu ya maambukizi. Kwa mpiga dramu wa roki ilionekana kwamba safari imeishia hapo.

Akiwa bado kitandani hospitalini, Allen alianza kugonga midundo kwa miguu. Akagundua kwamba mguu wa kushoto, ambao kwa wapigaji wengi kazi yake kubwa ni kufungua na kufunga hai-hati, yaani jozi ya matoazi yanayoendeshwa kwa pedali, ungeweza kubeba kazi ya mkono uliokosekana. Mafundi wa Simmons wakamjengea seti kulingana na wazo hilo. Upande wa kushoto ziliwekwa pedali nne za umeme: moja ya kufunga hai-hati, moja ya dramu kubwa, moja ya sneya na moja ya tomu. Mkono wa kulia ukabaki na sahani na matoazi.

Urahisi wa maelezo hayo usimdanganye msomaji. Mpigaji aliyezoea sneya itoke mkononi kwa zaidi ya miaka kumi alipaswa kuifundisha sneya hiyo ikae mguuni, na ifike kwa wakati wake bila kuchelewa hata kidogo. Katika maonyesho ya Ireland mwaka 1986, bendi ilimweka kando yake Jeff Rich wa Status Quo kama mpigaji wa pili. Siku moja Rich alichelewa kufika, Allen akaanza kupiga peke yake, na ikawa wazi kwamba anaweza. Tarehe 16 Agosti mwaka huo alipanda jukwaani Castle Donington mbele ya umati wa tamasha la Monsters of Rock. Albamu iliyofuata, Hysteria ya 1987, imeuza zaidi ya nakala milioni 20 duniani.

Wengine walijenga seti kubwa kwa sababu walitaka sauti nyingi zaidi ya mikono yao. Bill Bruford wa King Crimson alichanganya sahani za Simmons na dramu za kawaida kwa mpangilio wake mwenyewe. Baadaye, akiwa na kundi lake la Earthworks, alipiga hata melodia na akordi kwa vijiti, jambo lililowezekana baada ya mfumo wa MIDI wa 1983 kuviwezesha vyombo vya kampuni tofauti kuelewana. Neil Peart wa Rush, kwenye ziara ya 1984, alikuwa na seti ya pili ya Simmons nyuma ya mgongo wake na akawa anageuka kuikabili; miaka iliyofuata jukwaa la dramu lenyewe ndilo lililozungushwa.

Mwaka 1997 Roland ya Japani ilitoa V-Drums zenye moduli ya TD-10, yaani kisanduku kinachotoa sauti. Kwa kushirikiana na Remo, watengenezaji wa ngozi za dramu, iliweka uso wa wavu wa tabaka mbili unaokazwa kwa skrubu kama ngozi ya kawaida. Kijiti kikaruka vizuri, kelele ikapungua, na mtu akaweza kufanya mazoezi usiku kwenye nyumba ya ghorofa bila kugombana na majirani.

Wavu huo pia uliwafungulia mlango mafundi wa nyumbani. Leo mtu huchukua dramu za zamani za mbao, akaweka fremu ya chuma ndani, akabandika piezo chini ya koni ya sponji, akafunika kwa wavu. Kujenga ndiyo sehemu nyepesi; ugumu uko kwenye kurekebisha mlio. Mpiga ngoma wa kwetu huikausha ngozi kwa moto mpaka mlio ukae. Mwenye seti ya umeme yenye sahani kumi na tano hukaa na tarakimu za moduli, kila sahani kwa zamu. Akipiga tomu, mtikisiko hupita kwenye fremu na toazi la jirani hulia lenyewe. Akipunguza usikivu wa toazi, mapigo yake mepesi hupotea. Pigo moja linaweza kuhesabiwa mara mbili. Na kama sauti zinatoka kwenye kompyuta, hata kuchelewa kwa milisekunde kadhaa humsumbua mpigaji.

Kilichowasumbua wajenzi kuliko vyote ni hai-hati, kwa kuwa haina hali mbili tu za wazi na kufungwa. Kati ya hizo kuna hatua zisizohesabika ambazo mguu unazijua. Roland ilipoleta moduli ya TD-50 mwaka 2016, sneya na toazi la kuendeshea mdundo ndivyo vilivyopata vihisi vya kidijitali vinavyotambua hata kiganja kilichowekwa juu yavyo. Hai-hati ya kidijitali ilikuja miaka kadhaa baadaye.