Mafuta ya kunukia kwa ngozi ya mafuta: Kwa nini tone moja linatosha?

Kichupa cha mafuta ya kunukia kinachonunuliwa asubuhi mjini Mbarara kinaweza kufika jioni Kikagate, kwenye mto Kagera unaotenganisha Uganda na Tanzania, au Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi pamoja. Mara nyingi maelezo ya matumizi hayasafiri nacho. Kwa mwenye ngozi ya mafuta, pengo hilo linaweza kumwachia madoa usoni kwa miezi kadhaa.

Ngozi huwa ya mafuta pale tezi zake zinapotoa sebamu kwa wingi, hasa kwenye paji la uso, pua na kidevu. Chanzo kikuu ni homoni na urithi, wala si uchafu. Sebamu yenyewe huikinga ngozi isikauke. Taabu huanza inapochanganyika na seli zilizokufa, ikaziba vitundu vya vinyweleo, bakteria wakastawi humo na chunusi zikachomoza. Anayesugua uso kwa sabuni kali mara nne kwa siku huikausha na kuiwasha ngozi yake, na tezi haziachi kazi yake.

Licha ya jina lake, mafuta ya kunukia hayafanani na mafuta ya nazi au ya mawese. Ni kiini cha harufu ya mmea, kinachopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au vikonyo, ama kwa kukamua maganda ya machungwa na malimau. Kwa hiyo ni makali mno.

Yaliyochunguzwa zaidi kwa ajili ya chunusi ni ya melaleuka, mti wa Australia ambao chupa zake huandikwa ‘tea tree’, ingawa hauna undugu na chai tunayokunywa. Katika utafiti uliochapishwa Australia mwaka 1990, wagonjwa 124 walitumia ama jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, ama losheni yenye asilimia 5 ya benzoili peroksidi, dawa ya kawaida ya chunusi. Zote mbili zilipunguza chunusi. Mafuta yalichelewa kuonyesha matokeo, lakini madhara yake yalikuwa machache. Izingatiwe kwamba ilikuwa asilimia 5. Kichupa cha dukani huwa na asilimia 100.

Nyumbani, tone moja katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta mepesi, kama ya alizeti, hutoa takriban asilimia 1, kiasi kinachofaa uso. Mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi kwa urahisi. Mchanganyiko ujaribiwe kwanza upande wa ndani wa mkono kwa saa 24 hadi 48. Mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, ni makali kupita kiasi kwa uso. Yaachiwe jino linalouma.

Ngozi nyeusi ina sababu yake ya pekee ya kuchukua tahadhari: inapoungua au kuwashwa, huacha doa jeusi hata baada ya kupona. Wengi hukimbilia mkorogo ili kuliondoa, na hapo tatizo dogo huwa kubwa. Uganda imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya ndimu au limau huongeza hatari hiyo, kwani yakikutana na jua huweza kuiunguza ngozi, na Mbarara iko karibu kabisa na ikweta.

Chupa iwe ya kioo cheusi, ifungwe vizuri na isikae juu ya dirisha chini ya bati la moto, kwa sababu mafuta yaliyochakaa kwa hewa na joto huleta mzio zaidi. Katika nyumba ya chumba kimoja, ifichwe mbali na watoto: mafuta ya melaleuka au mkaratusi yakinywewa, hata kidogo, yanaweza kumsababishia mtoto degedege au kumpotezea fahamu. Akimeza, asitapishwe, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Chunusi kubwa zenye maumivu, zinazoacha makovu, hazitibiki kwa kichupa. Hizo ni za daktari wa ngozi, na Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina kliniki ya ngozi.