Lugha nyepesi za kuandikia programu huria: mizani ya Lamu

KIJANA wa Amu, Siyu au Faza anayetaka kuandika programu ya tarakilishi ya mezani huanza na swali moja: nitumie lugha gani? Aghalabu kila fundi huisifu ile aliyojifunza kwanza. Katika visiwa vya Lamu, hata hivyo, yapo mambo mawili ya kupimia.

La kwanza ni hati. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa huku kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, naye Mwana Kupona alitunga wake mwaka 1858. Programu ya kuorodhesha nyaraka za ukoo isiyoweza kuonyesha maandishi yaanzayo kulia itamfaa nani? Tena Kiarabu hakina herufi za sauti kama p, ch na v. Waandishi waliziongezea nukta, na herufi hizo leo zimo katika mfumo wa Unicode.

Kwa kipimo hiki, Python inatangulia. Lugha hii, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, husomeka kwa urahisi, na tangu toleo la 3 la mwaka 2008 huyachukulia maandishi yote kuwa ya Unicode. (Mwanagenzi ajihadhari na vitabu vikuukuu vya toleo la 2, lililokoma kuhudumiwa mwaka 2020, mifano yake mingi haitakubali.) Python huja na Tkinter, zana ya kuchorea madirisha na vitufe. Ni nyepesi, lakini kwa muda mrefu imekuwa dhaifu katika maandishi ya kulia kwenda kushoto, hasa kwenye Linux. Afadhali Qt, inayoweza kugeuza mpangilio wa dirisha zima uanzie kulia.

Jambo la pili ni mashine yenyewe. Tarakilishi ya mtumba yenye Windows 7 haipokei Python kuanzia toleo la 3.9, wala Qt 6. Mwenye mashine hiyo ana njia mbili: aweke Linux, au atumie Lazarus, inayotegemea lugha ya Pascal. Lazarus huzalisha faili inayojiendesha bila mtumiaji kusakinisha lugha yenyewe, faida kubwa kwa anayesambaza kazi yake kwa diski ya mkononi pasipo intaneti. Gambas, iliyo jamaa ya Basic, ni rahisi zaidi, ila makao yake ni Linux. Java inaweza kazi hii pia, lakini humtaka mwanagenzi aandike mengi kabla ya kuona dirisha la kwanza.

Si lazima kuanza na programu mpya. Kevin Donnelly alitayarisha Andika!, zana huria za kuandikia Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kabla yake, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji wajuzi wa lugha sawa na mafundi.

Leseni nayo ichaguliwe mapema. PyQt hutolewa kwa leseni ya GPL, hivyo anayesambaza programu iliyojengwa juu yake bila kununua leseni ya kibiashara hana budi kutoa pia msimbo wake. PySide, kwa leseni ya LGPL, humwachia nafasi zaidi.