Tarehe ya Gitaa la Nyuzi za Nailoni

Gitaa ambalo mwanafunzi wa leo huliita la kikale, lenye nyuzi sita, shingo pana na sauti ya upole, lina sura ya uzee kiasi cha kuwadanganya wengi wakadhani kwamba lilitoka hivyo hivyo katika majumba ya wafalme wa Andalusia. Walakini kiwiliwili chake hakijatimiza miaka mia mbili, na zile nyuzi zake tatu za juu, ambazo ndizo zilizolipa jina la gitaa la nailoni, zilianza kuuzwa baada ya vita vikuu vya pili kwisha. Kiwiliwili kina tarehe yake na nyuzi zina tarehe yake, na mtu anayetaka kujifunza chombo hiki, au kununua kilicho kizuri asipunjwe, atafaidika kuzijua zote mbili, kwa kuwa takriban kila sifa inayotafutwa dukani ina asili yake humo.

Neno moja kwanza kuhusu nasaba. Wako katika pwani yetu wanaopenda kusema kwamba gitaa ni mtoto wa udi, na kwamba Wahispania waliuchukua udi kwa Waarabu wakaugeuza umbo. Madai hayo yana utamu wake, lakini hayasimami vizuri. Udi una tumbo la mviringo lililoungwa kwa vipande vyembamba vya ubao, shingo fupi isiyo na vigawanyo, na kichwa kilichokunjwa kwenda nyuma. Gitaa lina mgongo bapa, lina kiuno, na shingo yake imekatwa vigawanyo vya madini. Yafaa zaidi kusema kwamba viwili hivi vilikaa ujirani katika nchi moja kwa karne nyingi, vikaazimana mafundi na nyimbo, kila kimoja kikabaki na ukoo wake.

Mwaka 1817, karibu na mji wa Almería katika pwani ya kusini ya Uhispania, alizaliwa Antonio de Torres, ambaye tangu ujana wake alitiwa katika kazi ya useremala, na baadaye akahamia Sevilla, ambako mpigaji mashuhuri Julián Arcas alimhimiza aishike kazi ya kuunda magitaa kwa bidii. Magitaa ya zama zile yalikuwa madogo, yenye sauti iliyotosheleza sebule ya matajiri lakini isiyofika nyuma ya ukumbi. Torres alikipanua kiwiliwili, akauweka urefu wa uzi unaotikisika, baina ya mfupa wa kichwani na mfupa wa darajani, kuwa sentimita 65, ambacho ndicho kipimo cha magitaa mengi hata leo, na chini ya ubao wa uso akapanga vijiti saba vyembamba vilivyotawanyika mfano wa mbavu za upepeo. Vijiti vya namna hiyo hakuvibuni yeye, maana walikuwako mafundi wa Kihispania waliomtangulia kuvitumia. Sifa yake ni kwamba alivipatanisha na uso mwembamba na kiwiliwili kikubwa, hata gitaa likapata pumzi ambayo halikuwa nayo.

Mwaka 1862 akafanya jambo ambalo mpaka leo huwapa mafundi la kuzungumza: aliunda gitaa ambalo mbavu zake na mgongo wake ni karatasi ngumu, na uso wake peke yake ndio wa mbao njema. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona, wala sasa halipigiki, lakini hoja iliyokusudiwa haikuchakaa, nayo ni kwamba sauti ya gitaa i usoni, na kila kilichobaki ni msaidizi. Padri mmoja aliyekuwa rafiki yake katika uzee alisimulia kwamba Torres alipoombwa aifichue siri ya ufundi wake alijibu kuwa siri hiyo hawezi kumwachia mtu, kwa sababu imo katika ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, ambavyo huupapasa ubao na kumjulisha kama umekuwa mwembamba kiasi cha kutosha. Wala adhama hiyo haikumtajirisha: aliporejea Almería alifungua duka la vyombo vya kaure, akawa anauza sahani na vikombe, na huku akiendelea kuunda magitaa mpaka alipofariki mwaka 1892.

Lakini fundi bila mpigaji ni hasara tupu, na Torres alijaliwa kumpata Francisco Tárrega. Kijana huyu, aliyezaliwa mwaka 1852, alikwenda Sevilla mwaka 1869 pamoja na tajiri mmoja aliyemfadhili, akitaka kununua gitaa. Na husimuliwa kwamba Torres alimtolea kwanza la bei nafuu, kisha alipomsikia anavyopiga akaingia ndani akaleta lile alilojiundia mwenyewe mwaka 1864. Kwa gitaa hilo Tárrega alifundisha ulimwengu kukaa na chombo hiki jinsi tunavyokaa nacho leo, mguu wa kushoto ukiwa umeinuliwa juu ya kibao kidogo na kiuno cha gitaa kikilalia paja. Na kwa gitaa hilo alizihamisha kazi za Bach na Chopin kutoka kwenye kinanda akazitia katika nyuzi sita, jambo ambalo wengi walikuwa wamelihesabu kuwa muhali.

Basi anayekwenda kununua na aanze usoni, alikoanzia Torres. Magitaa mengi ya bei ya chini yana uso wa plaiwudi, na mwenye duka aghalabu hatakwambia. Litazame lile tundu la sauti kwa karibu, ukingoni, pale ubao ulipokatwa: kama mistari ya mti inayoonekana juu inashuka moja kwa moja katika unene wa ubao, huo ni ubao mzima, kama ukingoni mnaonekana matabaka yaliyobandikwa, au ukingo umefunikwa rangi nzito isiyokuonyesha kitu, chukulia kuwa ni plaiwudi. Ubao mzima ukipigwa mwaka hadi mwaka hulainika na sauti yake hufunguka, ama plaiwudi hubaki vile vile ilivyotoka kiwandani. Mti wa asili wa uso ni sprusi wa Ulaya, wenye sauti angavu inayochelewa kukomaa; tangu miaka ya 1960, kwa juhudi za José Ramírez wa tatu wa Madrid, umeenea pia mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, wenye sauti nzito na ya uvuguvugu tangu siku ya kwanza. Mimi ningemshauri mwanafunzi wa pwani asisumbuke sana na hitilafu hiyo, bali atafute uso mzima, wa mti wowote kati ya hiyo miwili.

Mgongo ni habari nyingine. Kwa muda mrefu uliosifiwa kupita yote ulikuwa ule wa roziwudi ya Brazili, mpaka mti huo ulipokaribia kwisha msituni, na mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini ukaufungia biashara yake. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, ambao wengi wanaujua kwa zumari za Wazungu na vinyago vya Wamakonde, ni wa jamii moja na roziwudi hiyo, na mafundi wa ng'ambo huutumia kwa migongo ya magitaa ya thamani kubwa. Ni fahari yetu, lakini anayenunua gitaa la kujifunzia asidanganywe kulipia mgongo, akikumbuka ile karatasi ya Barcelona.

Kisha ashike shingo. Pale kwenye mfupa wa kichwani, upana unaofaa ni milimita 52, ili vidole vipate nafasi ya kusimama wima bila kugusana na uzi wa jirani. Bila kuukandamiza uzi, apime kwa rula ndogo nafasi iliyopo chini yake penye kigawanyo cha 12: milimita 3 kwa uzi mwembamba na milimita 4 kwa uzi mnene zatosha, zaidi ya hapo mkono wa kushoto utateseka, na wanafunzi wengi walioacha chombo hiki katika mwezi wa kwanza walishindwa na urefu wa nyuzi, si na uzito wa akili zao. Papo hapo aguse uzi kwa wepesi juu ya kigawanyo hicho cha 12 autoe mlio wa filimbi, kisha aukandamize palepale na kuupiga. Milio miwili hiyo isipolingana, gitaa halitatulia katika sauti hata lifanyiwe nini.

Mpaka hapo hatujaitaja nailoni, kwa kuwa Torres na Tárrega hawakuijua. Nyuzi zao tatu nyembamba zilikuwa za utumbo wa kondoo, uliooshwa, ukakwanguliwa, ukasokotwa ungali mbichi, ukakaushwa na kusuguliwa. Na zile tatu nene zilikuwa hariri iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Utumbo una sauti nzuri ambayo wako wanaoilia hata sasa, lakini una tabia mbaya: hewa ikiwa na unyevu hulegea, ikikauka hukaza, ukipigwa sana huchanika nyuzinyuzi, na uzi wa kwanza hukatika bila kuomba ruhusa. Sebuleni mtu aweza kufunga mwingine huku wageni wakinywa kahawa. Ama Andrés Segovia, aliyezaliwa Linares mwaka 1893, na ambaye alilitoa gitaa sebuleni akalipeleka mbele ya hadhira za Paris mwaka 1924 na New York mwaka 1928, hakuwa na nafasi hiyo. Kwake yeye, uzi kukatika katikati ya kazi ya Bach kulikuwa msiba wa hadharani.

Vita vikuu vya pili vilipokuja msiba ukazidi, maana utumbo uliosokotwa ndio uliotumiwa na matabibu kushonea majeraha, na majeshi yakaununua wote. Kwa upande wa pili, mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, mkemia Wallace Carothers na wenzake walikuwa wamekwisha kuipata nailoni, ambayo ilitangazwa mwaka 1938 na kuuzwa kwa soksi za wanawake mwaka 1940, kabla ya vita kuichukua kwa miavuli ya askari na kamba. Hapana aliyekuwa na gitaa akilini.

Segovia mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimlalamikia mkubwa mmoja wa ubalozi wa Uingereza katika Marekani juu ya uhaba huo, na haukupita muda mrefu mkubwa yule akamletea nyuzi za nailoni za kujaribia. Alizipenda, ijapokuwa zilikuwa na kasoro, na katika mzunguko wa marafiki wa jarida la Guitar Review la New York akakutana na Albert Augustine, fundi wa magitaa ambaye kwa upande wake, husemwa, alikwisha kujaribu nailoni aliyoiokota katika duka la mabaki ya vifaa vya jeshi. Husimuliwa pia kwamba wakubwa wa DuPont walisitasita, wakidhani wapigaji hawataikubali sauti yake, mpaka walipofanyiwa jaribio la kusikiliza bila kuona, wakaichagua nailoni badala ya utumbo. Augustine akajibunia mitambo yake mwenyewe, akajifunza kuusugua uzi mpaka unene wake ulingane mwanzo hadi mwisho, na kufikia miaka ya mwisho ya 1940 bidhaa yake ilikuwa sokoni. Alipofariki mwaka 1967 mkewe Rose akaiendesha biashara. Ila moja imebaki mpaka leo: uzi wa tatu wa nailoni, kwa vile ni mnene na mwepesi, husikika umefumba kidogo ukilinganishwa na wenziwe, na hakuna gitaa, hata la thamani gani, lililoponywa kabisa na ugonjwa huo.

Nailoni ilimaliza pia, kwa kadiri niionavyo, mzozo wa zamani wa kucha. Mwanzoni mwa karne ya 19 mabingwa wawili wa Kihispania walioishi Paris, Fernando Sor na Dionisio Aguado, walikuwa marafiki wakubwa walakini Sor alipiga kwa nyama ya kidole na Aguado kwa kucha. Na Tárrega mwenyewe katika miaka yake ya mwisho alizikata zake akarudi kwenye nyama. Juu ya utumbo, ambao una ukwaru wake, njia zote mbili zasikilizika. Nailoni ni telezi, na nyama peke yake huiacha bubu, kwa hiyo mwanafunzi wa leo hufundishwa kuugusa uzi kwa nyama na kuuachia kwa kucha fupi iliyosuguliwa vizuri, kama alivyofanya Segovia.

Mwanafunzi huyo hugawiwa kazi kwa vidole vinne vya mkono wa kulia: gumba kwa nyuzi nene, na shahada, cha kati na cha pete kwa nyembamba. Tofauti na watu wetu ni kubwa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alifanya maajabu kwa gumba na shahada tu, na ambaye amelelewa kwa kumsikiliza atasumbuka kukizindua kidole cha pete. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya Sor na ya mtunzi Carcassi, yapigwe polepole kila siku, na ngazi za sauti ambazo Segovia alizichapisha mwaka 1953, bila haraka ya kufika kwenye nyimbo za kuwapendeza wageni.

Onyo moja kuhusu nyuzi lafaa kurudiwa katika kila duka la pwani. Nyuzi za nailoni kwa jumla huvuta gitaa kwa nguvu ya takriban kilo 40, na za chuma kwa zaidi ya kilo 70. Anayefunga za chuma juu ya uso wa Torres kwa kutaka mlio mkali ataliona daraja linainuka kidogo kidogo, kisha siku moja la joto linabanduka na kipande cha uso. Ama aliyekatikiwa na uzi wa kwanza wa nailoni, na duka la vyombo vya muziki likawa mbali, aende kwa wauza mishipi ya kuvulia samaki, achague wa milimita 0.7, na kwa uzi wa tatu milimita 1. Utamfaa mpaka apate wa haki. Zile tatu nene, zenye waya wa shaba, hazipatikani kwa wavuvi, na hewa ya chumvi huzila mapema, basi hizo na awe na akiba yake nyumbani.